Gari Nyeupe kwa Mulango Wangu

Wamama wenzangu, wababa wachache munaojificha kule nyuma, Pasta wetu, nawasalimia wote. Nimeombwa kusimama hapa juu ya ile chanjo mpya ya ugonjwa wa vipele, ambayo watu wa afya wanasema itafika kwa kartie yetu, mutaa huu. Tangu Jumapili naona kila mutu anamuuliza jirani, na jirani anamuuliza mwingine, na hakuna mwenye kujibu. Kiongozi wa kikundi chetu cha wamama akaja kwangu akasema, "Weye ulipita mu ile njia wakati ya Corona. Simama, uambie benzako." Nikamuambia mimi sina jibu. Akasema hajaniomba jibu, ameniomba ushuhuda.

Basi niwaambie mapema. Mumezoea ushuhuda wa mutu aliyekuwa kwenye giza, halafu siku moja akatoka nje na kuona kila kitu sawasawa. Wangu hauko namna hiyo. Mimi niliingia nimechanganyikiwa, nikatembea nimechanganyikiwa, na kuna mambo mpaka leo sijayaelewa. Lakini mama yangu mukwe yuko hai, ameketi pale karibu na dirisha, na kama atanyamaza mpaka nimalize kuongea, huo nao utakuwa ushuhuda mwingine.

Wengi munanijua kwa sombe, haya majani ya muhogo ninayouza. Kwa wageni niseme: tulifika hapa Bunia tukikimbia vita ya kule Djugu, mimi na watoto na huyu mama. Kwa vyombo vyote vya nyumba tulikuja na muchi tu, ule muti wa kutwangia. Kinu kilibaki, kilikuwa kizito. Njiani watu walituangalia wakacheka, mama muzee anakimbia risasi na muchi kwa bega. Lakini ule muchi ulitulisha. Nilipopata kinu kingine nikaanza kutwanga majani ya muhogo mbele ya nyumba, pembeni ya barabara, mahali kila mupita njia ananiona.

Sikutwangia ndani hata mara moja, na nyinyi wamama munajua kwa nini. Mutu anataka aone majani yakiwa majani. Aone kinu kimeoshwa, aone mikono yako na kucha zako. Sombe ikishatwangwa imekwisha, hakuna mwenye kujua tena ndani muko nini, na mwenye kuila anakula juu anakujua weye. Nilikuwa na wateja ambao hawakuja tena kuangalia. Walimutuma mutoto na sahani, wanasema mupelekee mama wa sombe, atajaza. Niliona hiyo ni heshima kubwa kuliko cheo.

Mume wangu yuko Aru, kule mupakani, anafanya kazi kwa malori makubwa yanayovuka Uganda. Anarudi akirudi. Siku zingine tunasikia sauti yake tu kwa telefoni.

Sasa lazima nirudi kidogo mpaka wakati wa Ebola, juu bila hiyo hamutaelewa ujinga wetu wa baadaye. Nauita ujinga, lakini tulikuwa tumefundishwa. Munakumbuka ile chanjo ya Ebola ilitolewa namna gani. Haikuwa ya kila mutu. Gari nyeupe ilikuja, ikasimama kwa nyumba ya mugonjwa, wakachomwa sindano wale waliomugusa, na wale waliowagusa waliomugusa. Hao waliitwa kontakti. Kama hauko kontakti, rudi kwako.

Kwa avenii ya nyuma yetu kulikuwa na mama mumoja aliyetoka kijiji kimoja na mama yangu mukwe. Walikimbia vita pamoja. Ebola ikaingia kwa nyumba yake, mutoto wake mukubwa akafa. Mama mukwe alienda kumupa pole, akasimama kwa kiwanja, hakuingia. Gari ilipokuja, yeye akaomba achomwe pia. Wakamuuliza kama alimugusa mugonjwa. Akasema hapana. Wakamuambia basi hauhusiki. Akarudi nyumbani akalia, kwanza juu ya rafiki yake, na pili juu ya ile sindano. Rafiki yake naye aliugua, akapona, asante Mungu. Lakini mama aliweka ile siku moyoni.

Na siye wengine wa kartie tuliweka kitu kingine. Tulijifunza kwamba pale gari nyeupe inaposimama, kuna mugonjwa ndani. Kwanza gari, halafu dawa ya kupuliza kwa ukuta, halafu wenye kuzika na mavazi yao yale ya kufunika mpaka macho. Sindano ilikuwa alama ya nyumba yenye kifo. Hakuna aliyekaa chini kutufundisha hivyo, macho yetu yalitosha.

Ndugu zangu, nawaomba mushike hapo, juu Corona ilipokuja ilitukuta na hayo masomo kichwani.

Corona yenyewe mimi sikuiona. Nasema ukweli wangu. Niliona kanisa limefungwa. Niliona kashene, kile kitambaa cha kufunika mudomo, watu wamekivaa kwa kidevu, polisi akitokea kinapanda kwa pua, akipita kinashuka. Nilisikia watu wa mujini wamekufa na kifua. Lakini nilipouliza, jamaa walisema ilikuwa malaria, au tiifoidi, au kulogwa. Ebola ilikuwa na sura. Huyu mwingine tulimutafuta kila upande, hatukumuona.

Halafu chanjo ikafika, na ilikuwa ya kila mutu mukubwa. Hapo ndipo kichwa changu kilianza kuuma. Kama sindano ni ya wenye kugusa mugonjwa, na mimi sijagusa mutu, inatafuta nini kwangu? Wakati wa Ebola watu waliilia wakanyimwa. Sasa watu hawaitaki na inawafuata mpaka sokoni na kipaza sauti. Wakasema imefika. Wakasema imesimamishwa kwanza, kuna mambo wanachunguza kule Ulaya. Wakasema imeanza tena, na ni ya jina lingine. Mutu ambaye hakuchanganyikiwa wakati ule, naomba anyoshe mukono. Naona hakuna.

Nilimusikiliza nani? Kwa telefoni kulikuwa na sauti ya bwana mumoja, Kifaransa chake kizuri sana, akisema wote wenye kuchanjwa watakufa baada ya muda. Ile sauti ilipita telefoni zote za kartie. Pasta, utanisamehe, uko hapa: Jumapili moja ulisema damu ya Yesu ndiyo chanjo yetu, na Jumapili nyingine ukasoma tangazo la serikali kwamba twende tuchanjwe. Niliondoka na yote mawili kichwani, moja kila sikio. Mume wangu akapiga simu kutoka Aru, akasema kwa sauti ya mwanaume wa nyumba, "Musikubali hata kidogo. Iko ya kutumaliza."

Nikaenda kwa sentre yetu ya afya, kwa mama muganga mwenye kumutunza mama mukwe kwa ugonjwa wa sukari. Nilijisemea, huyu amesoma, huyu atanyoosha. Akaniambia watu wenye sukari, Corona ikiwakamata inawaumiza kuliko wengine, kwa hiyo mama angechanjwa kati ya watu wa kwanza. Nikamuuliza yeye mwenyewe alisikia nini alipochomwa. Akaangalia meza. Akasema, "Miye pia sijachomwa bado."

Nilirudi nyumbani nikatwanga bila kuona kinu. Ningemuelewa aliyekataa, ningemuelewa aliyekubali. Lakini muganga ambaye anasema chukua, naye hajachukua, nimuweke wapi?

Aliyekata shauri ni mama. Nilimueleza yote, ya Pasta, ya telefoni, ya mutoto wake kule Aru, ya muganga. Alikuwa anachambua majani, hakuinua hata uso. Akasema, "Ile wakati balininyima. Leo banakuja kunipatia mpaka ku nyumba, nikatae?" Nikamuambia mama, huu si ugonjwa ule ule. Akasema anajua, yeye si mutoto.

Kulikuwa na shida moja. Muguu wake ulikuwa na kidonda, ule wa sukari usiopona upesi, hakuweza kutembea mpaka sentre. Nikamuambia muganga. Akasema hakuna neno, timu ya chanjo itapita kwa nyumba. Nikakubali na kushukuru. Sikuwaza gari.

Walikuja asubuhi, saa ya wateja. Mimi nilikuwa kwa kinu, wamama wamesimama na sahani zao, tunacheka jambo fulani, sikumbuki. Gari nyeupe, ile ile, na antena yake ndefu, ikakata kona ikasimama kwa mulango wangu. Wakashuka watu na vizibao vyao na sanduku la barafu. Ndugu zangu, nilisikia muchi wangu umenyamaza. Mama mumoja aliyekuwa ameshanipa sahani akanyosha mukono akaichukua tena, tupu, akaenda zake. Wengine wakamufuata. Hawakukimbia. Walitembea vizuri tu, na hiyo iliniumiza zaidi.

Timu haikuona kitu. Walimuketisha mama kwa kiti, wakamupangusa bega. Akaniangalia. "Na weye? Utaniacha nikae peke yangu?" Sasa hapa musinipigie makofi, juu sikukubali kwa kuelewa. Nilikaa juu yeye alikuwa amekaa. Huyu mama alinibebea mutoto mugongoni na muchi begani tukitoka Djugu, ningemuambiaje nenda weye kwanza nione kama utakufa? Nikatoa mukono. Sindano ilikuwa ndogo, imekwisha kabla sijafunga macho. Gari ikaondoka, vumbi likabaki.

Jua halijazama, avenii yote ilijua kwangu kuna mugonjwa. Haikusaidia kueleza. Nilimuambia jirani, si mugonjwa, ni chanjo ya kila mutu. Akaniuliza kwa upole, kama ni ya kila mutu, mbona gari ilisimama kwako peke yako? Hata mimi, kama ingesimama kwake, ningewaza hivyo hivyo.

Kesho yake mama akapata homa. Muganga alikuwa ametuambia inaweza kuja, itapita, na kweli ilipita. Lakini ile homa ilikuwa imeonekana. Watu walimuona amelala kwa mukeka kwenye jua, amejifunika. Ikawa hadithi imekamilika. Watoto wangu walienda bombani, wakaambiwa wangoje mpaka wengine wote wamalize kuchota. Nilitwanga sombe, nikaketi nayo mpaka ikageuka rangi, nikaimwaga. Nikatwanga tena, nikaimwaga tena. Tulikula bugali na mboga ya lengalenga ya nyuma ya nyumba. Wamama wa kikundi hiki hiki, ndio, hiki, walifika karibu na kwangu wakavuka barabara upande wa pili. Nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikawa nalia nikitwanga, na mutu anayelia juu ya kinu, nani atanunua sombe yake?

Jirani yangu mumoja hakuniacha kabisa. Alikuwa anasimama upande wake wa lupango, ule uzio wa kati yetu, anatusalimia, anampa mama maneno ya kumutia moyo. Mutu mwema. Ndiye aliyemuambia mama achunge sana, ile sindano haipatani na dawa nyingine, zikikutana kwenye damu zinapigana. Mimi nilisikia nikipita, sikuweka maanani. Wakati ule maneno yalikuwa mengi kuliko masikio.

Homa ilikuwa imeisha, lakini mama akaanza kudhoofika namna nyingine. Anakunywa maji, anaomba maji tena. Anatoka kwenda choo, anarudi, anatoka tena. Midomo imekauka. Kidonda cha muguu kikaanza kunuka. Halafu, mchana kweupe, nikamukuta anaongea na mume wake aliyekufa zamani, anamuuliza kama amefunga mbuzi.

Nawaambia, hapo ndipo nilianguka. Si kwa sombe. Sombe ni kazi, ingekwisha ningefanya nyingine. Nilikaa mbele ya huyu mama nikijiuliza kama sindano inamuua, na kama inamuua yeye, mimi naye nimechomwa ile ile, watoto watabaki na nani. Sauti ya yule bwana wa Kifaransa ilirudi kichwani. Nikijaribu kuomba, nilikuwa sijui niombe nini. Niombe dawa itoke mwilini? Niombe ifanye kazi? Nilianza sala nikaiacha katikati.

Nikampigia mume wangu. Nilitaka anitukane, walau nijue makosa yako wapi. Nikamueleza yote. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Mimi pia nilichomwa. Ku mupaka. Bila ile, habatuache tupite." Alikuwa amechanjwa kabla yetu, ndugu zangu. Wakati anatukataza kwa ile sauti ya mwanaume wa nyumba, bega lake lilikuwa bado linauma. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema aliona aibu, na tena alitaka aone kwanza kama atakufa. Munacheka. Mimi siku ile sikucheka, lakini nilisikia kitu kimelegea kidogo kifuani, juu huyu alikuwa mbele yangu kwa ile njia na bado anapumua.

Akaniambia nimupeleke mama kwa sentre. Vipi? Muguu haukanyagi. Mwenye pikipiki wa kona yetu alishakataa kumubeba mutu wa nyumba yangu. Na nikiita muganga, atakuja na gari. Gari ile ikisimama kwa mulango wangu mara ya pili, hapo tumekwisha, tungeondoka Bunia kama tulivyoondoka Djugu. Nilimuogopea mama na niliogopa gari, na sikujua woga gani ni mukubwa. Nilikaa kati ya hayo mawili nikimunywesha maji.

Siku iliyofuata, jua linawaka, mama mumoja wa kikundi hiki akavuka barabara kuja upande wangu. Simutaji, alinikataza. Yuko ndani ya nyumba hii. Naye alikuwa mumoja wa wale waliochukua sahani tupu. Akasimama mbele ya kinu, sahani mukononi, akasema, "Niko na woga, sitakudanganya. Lakini nimechoka kukuogopa."

Nikamujazia. Akaomba kiti, akaketi pale pale pembeni ya barabara, akala, kila mupita njia akimuona. Alikula pole pole. Woga wake niliuona, na aliendelea kula. Mimi nilisimama na muchi nikilia tena, lakini kilio kingine.

Alipomaliza akauliza habari za mama. Nikamufungulia yote, ya maji, ya midomo, ya mbuzi, na ya gari. Akafikiri. "Kumbe gari njo iko shida? Basi muganga aje na miguu." Akasimama, akajipangusa mukono, akaenda mwenyewe sentre kumuomba muganga aje bila gari na bila bluzi nyeupe ya kazi, aje kama mugeni.

Na akaja. Ningependa mungemuona. Muganga wetu, kitenge kiunoni, furushi la majani ya muhogo kichwani, kama mutu anayeleta kutwangiwa. Ndani ya majani alikuwa amefunga chombo chake cha kupima sukari. Aliweka furushi kwa kinu, akasalimia jirani upande wa pili wa lupango, akaingia ndani. Hakuna aliyevuka barabara kutukwepa.

Akamutoboa mama kidole, akapima, akakunja uso. Akamuuliza, mama, vidonge vyako viko wapi? Mama alikuwa bado na fahamu kidogo. Akafungua fundo la kitenge chake, vidonge vikamwagika kwa mukeka. Vyote. Tangu siku ya sindano hakumeza hata kimoja. Akasema kwa sauti ya chini kwamba alikatazwa kuchanganya.

Muganga akaviokota vile vidonge kimoja kimoja. Nilingoja atugombeze. Akasema, "Hatukukuambia uache. Lakini hatukukuambia pia uendelee. Ile iko kosa yetu." Kisha akaanza kazi. Akamurudishia dawa, akaosha kidonda, akatuambia namna ya kumunywesha, na akasema kama hatabadilika upesi atalazwa, hata kama ni kwa gari. Alikuja tena, na tena, kila mara na majani kichwani. Nilitwanga majani ya sentre mpaka nikachoka. Na mama akabadilika. Siku aliyoanza kunigombeza kwamba majani hayakuchambuliwa vizuri, nilijua amerudi.

Kabla hajamaliza kuja, nilimuuliza muganga swali langu la zamani. Nikasema, na weye? Akajibu bado. Akasema hajui amuamini nani, anaogopa kama siye, ana telefoni kama siye, na ile sauti ya Kifaransa ilimufikia hata yeye. Wenzake wengi walikuwa hivyo, na hakuna aliyemuambia mwingine. Nilitaka kukasirika. Badala yake nilisikia pumzi imeshuka, juu tangu mwanzo huyu ndiye mutu wa kwanza kuniambia hajui, akiwa ndani ya nyumba yangu, macho yake kwa macho yangu. Akamugeukia mama akamuomba amusindikize siku atakapochomwa. Mama akasema, "Nitakushika mukono. Mimi nimezoea."

Na ilifanyika hapa, kwa baraza la kanisa hili. Tuliomba timu iache gari mbali, kule karibu na soko, waje na miguu wakibeba sanduku lao. Walishangaa, wakakubali. Mama alikuja akijikongoja na muguu wake umefungwa, akamushika muganga mukono kweli. Muganga alifunga macho kama mimi. Watu walisimama kuangalia. Wengine wakakaa kwa kiti wakachomwa, mume wa fulani, mama wa fulani. Wengine wakaangalia wakaenda, na hakuna aliyewatukana. Waliuliza maswali yao yote, hata ya kijinga, hasa ya kijinga, na muganga mahali alipojua alijibu na mahali hakujua alisema hajui.

Wateja walirudi mumoja mumoja. Walirudi wakisimama tena kukagua kinu, kama nimeanza kazi jana. Kwanza ilinikera. Nikasema moyoni, nyinyi ambao mulikuwa munatuma sahani tu. Halafu nikawaacha waangalie. Niliosha kinu mbele yao, nikaonyesha mikono. Siku moja mutoto akafika na sahani peke yake, akasema ametumwa, nijaze. Niliingia ndani kwanza, nikakaa kidogo, ndipo nikaweza kujaza.

Nashukuru. Namushukuru mama aliyekula akiogopa. Namushukuru muganga wa majani. Namushukuru mume wangu, ambaye sasa akinikataza kitu kwa telefoni namuuliza kwanza kama yeye hajakifanya. Namushukuru hata jirani yangu wa lupango, juu neno lake lilikosa lakini yeye hakutuacha, na mpaka leo tunasalimiana. Namushukuru Mungu ambaye alizisikia zile sala zangu za nusu. Na weye mama, pale dirishani, nakushukuru juu hukungoja mimi nielewe.

Munataka fundisho. Ile chanjo ilinikinga kweli? Corona sikuiona kabla, sikuiona baada, kwa hiyo sijui, na sitawadanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Ninachojua ni kwamba mama karibu afe, na aliyekaribia kumuua hakuwa sindano. Yalikuwa maneno yaliyotufikia nusu, na barabara ambayo kwa siku nyingi hakuna aliyevuka kuja kwetu. Basi hii mpya ikija, tuwaombe waje na miguu. Tuulize yote, dawa gani niendelee, gani niache, nani asichomwe, na anayetujibu yeye mwenyewe amechomwa? Na kama jirani yako amekubali na weye bado, au weye umekubali na yeye bado, endelea kuvuka barabara kumusalimia.

Nimemaliza. Nimeleta sufuria ya sombe, iko pale nyuma kwa meza, na mafuta ya mawese ya kutosha. Majani amechambua mama. Wageni ambao hawajanijua, na yeyote ambaye bado ana wasiwasi na mimi, asile leo kwa kuona aibu. Apite kesho asubuhi aangalie kinu. Nitakuwa natwanga.